Bei ya Kusikika

Wahenga walisema sikio halilali njaa. Aghalabu methali hiyo hutumiwa kwa habari na uvumi, kwamba mtu hata akijifungia ndani, jambo la mjini litamfikia. Lakini kwa sisi wapenzi wa ushairi inafaa kusomwa kwa maana nyingine pia. Sikio la mtu wa pwani limelishwa maneno mazuri tangu utotoni, kwa maulidi, kwa nyimbo za harusi, kwa tenzi zilizoghaniwa na mabibi zetu, hata likawa linachagua chakula chake. Shairi lililochapwa kitabuni ni kama mbegu iliyomo ghalani: ina uhai, lakini haijaota mpaka ipate koo la kuighani na masikio ya kuipokea.

Kwa sababu hiyo, mtu anapoitisha kongamano la ushairi au la lugha, ahadi ya kwanza anayowapa wageni wake ni kwamba watasikia. Chakula kikichelewa watasamehe. Viti vikiwa vigumu watavumilia. Lakini wakirudi makwao bila ya kuyasikia yaliyosemwa, hawakuhudhuria kongamano; walisafiri tu. La ajabu ni kwamba ahadi hiyo ya kwanza ndiyo inayofikiriwa mwisho. Nimeziona bajeti nyingi za mikutano ya namna hii, na tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai, mnamo Novemba 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mikutano yenyewe imepata msimu wake. Utakuta fulana zimehesabiwa moja moja, mikoba, chupa za maji, na maua ya meza kuu. Kisha chini kabisa pana mstari mmoja, "Vyombo vya sauti na picha, jumla," na mbele yake tarakimu nene isiyoelezwa. Mali bila daftari huisha bila habari, na mstari ule ndio mlango wa uani ambao mali hupitia.

Kwa miaka mingi nimeshika daftari la fedha la kamati ndogo ya washairi na walimu hapa Unguja. Si kazi ya kujivunia. Mshairi hukumbukwa kwa beti zake, mwenyekiti kwa hotuba yake, na mshika fedha hukumbukwa kwa kukataa. Hata hivyo daftari lina elimu yake, na katika makala haya nataka kueleza jambo moja ambalo daftari limenifunza: kwamba gharama ya vyombo haipunguzwi kwa kubembeleza bei, bali kwa kujua kwanza ni nini hasa tunachokinunua.

Tuanze na hicho tunachokinunua. Msikilizaji wa hotuba ya kawaida akikosa neno moja, maneno ya jirani humsaidia kulikisia. Msikilizaji wa shairi hana fursa hiyo. Katika shairi la mizani kumi na sita, mshororo huvunjika katikati, na masikio hukaa tayari kupokea kina cha kati, kisha kina cha mwisho, kama mtu aliyekinga mikono chini ya mwembe. Sasa, sauti za irabu, yaani a, e, i, o, u, ni nzito na zina nguvu. Hata spika mbovu huzitoa. Konsonanti ndizo dhaifu. Mlio wa t, wa k, wa p, wa s na wa sh ni mfupi na mwembamba, na sehemu kubwa ya utambulisho wake imo katika sauti za juu, kuanzia kama mitetemo 2,000 kwa sekunde na kuendelea. Chombo kibovu, au chombo kizuri kilichotegwa kwa ajili ya ngoma za harusi, hukuza mngurumo wa chini na kuzifunika sauti hizo za juu. Matokeo yake kina cha "ta," kina cha "ka" na kina cha "pa" hufika nyuma ya ukumbi vikiwa kitu kimoja tu: "a." Hapo kila shairi lina vina na hakuna shairi lenye vina. Mtunzi aliyekesha wiki nzima akitafuta neno la kuishia hudhulumiwa haki yake kwa sekunde moja, na wasikilizaji humpigia makofi ya adabu.

Hicho basi ndicho tunachokinunua: konsonanti. Ukumbi wetu haukosi kelele; unachokosa ni uwazi. Na uwazi, kwa bahati njema, ni rahisi kuliko kelele.

Mafunzo ya kwanza tuliyapata kwa kulazimishwa. Wasomaji wa visiwani watakumbuka kwamba tarehe 21 Mei 2008 umeme uliotoka Bara ulikatika, na Unguja ikakaa gizani kwa takriban mwezi mzima. Kisha tarehe 10 Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hiyo hatukuuona mpaka Machi 2010. Miezi mitatu kisiwa kilinguruma kwa jenereta. Aliyekuwa nayo aliikodisha kwa bei aliyoitaka, na aliyekuwa hana alinunua barafu na mishumaa. Kamati yetu ilikuwa imekwisha kutoa mialiko ya kisomo cha mashairi. Nilipokwenda kuuliza bei ya jenereta na vyombo, nilitajiwa kiasi ambacho kingemaliza akiba yetu yote kwa usiku mmoja.

Tulikaa kikao. Mwalimu mmoja mstaafu, mama ambaye sote tulimwita Mwalimu kwa kuwa aliwafundisha nusu yetu, akauliza, "Hivi Muyaka alikodi nini?" Tukacheka, lakini swali lilibaki mezani. Tukafanya kisomo katika ua wa nyumba moja ya Mji Mkongwe, alasiri, kabla ya Magharibi, watu wapatao hamsini wameketi mikekani kwa duara, safu tatu tu. Hakuna aliyekuwa mbali na mghani zaidi ya mita sita au saba. Kuta za pande nne zilitukinga na kelele za njiani, mikeka na nguo zetu zikameza mwangwi, na sauti ya binadamu, bila ya waya wala betri, ikatosha. Nakumbuka utulivu uliokuwapo baada ya kila kina, utulivu ambao huwezi kuupata mahali ambapo spika inavuma hata mtu anaponyamaza.

Simaanishi kwamba turudi kwenye duara na kuviacha vyombo. Watu mia mbili hawaenei katika ua, na mzee wa miaka themanini halazimishwi kupiga kelele. Lakini tangu siku ile kamati iliweka desturi: kabla ya kuomba bei ya chombo chochote, tunauliza, "Kikikosekana hiki, ni nani hatasikia?" Chombo chenye jibu hununuliwa au hukodiwa. Chombo kisicho na jibu husubiri.

Desturi hiyo ilipata mtihani wake miaka michache baadaye, tulipoandaa kongamano la siku mbili kwa watu mia na hamsini. Tulipata mfadhili, na mfadhili alikuwa na rai zake. Alipendekeza skrini mbili kubwa za kung'aa pande zote za jukwaa, taa za rangi, na kikosi cha wapiga video. Ankara ilipofika niliiweka mbele ya wajumbe kando ya karatasi nyingine, ile ya nauli za boti na malazi ya washairi wa Pemba, Tumbatu na Lamu. Jumla ya ankara ilikuwa kubwa kuliko jumla ya nauli na malazi yote, na mfuko ulikuwa mmoja. Tukichukua skrini, tungebaki na kongamano la ushairi wa visiwa lenye washairi wa mjini peke yao.

Mjadala ulikuwa mkali. Mjumbe mmoja, kijana mwenye nia njema, alisema, "Mwalimu, wafadhili wanataka kuonekana. Tusipowapa hilo, mwakani hawatarudi." Mwalimu akamjibu kwa upole, "Sawa mwanangu. Basi waonekane wakisikiliza."

Sikutaka jambo liamuliwe kwa maneno matamu tu, kwa hiyo nilikwenda kwa fundi mitambo ninayemwamini, kijana wa Jang'ombe aliyejifunza kazi katika bendi za taarabu, nikamwomba anifundishe hesabu zake. Naziandika hapa kwa sababu zimetufaa, na huenda zikamfaa mwingine anayeshika daftari kama langu.

Hesabu ya kwanza ni ya maikrofoni na mdomo. Kila unapopunguza kwa nusu umbali kati ya mdomo na maikrofoni, sauti inayoingia huongezeka kwa desibeli 6. Kutoka sentimita 40 hadi 20 umepata desibeli 6. Kutoka 20 hadi 10 umepata 6 nyingine. Kuzipata desibeli 12 hizo kwa upande wa spika kungehitaji nguvu ya umeme mara 16, na kabla hujafika huko chombo kingeanza kupiga mluzi. Kwa maneno mengine, dakika tano za kumwonesha mghani asimame wapi zina thamani kuliko spika kumi na tano za ziada, nazo ni za bure. Tangu hapo kila mshairi wetu huitwa saa moja kabla, akajaribu sauti yake na urefu wa kigingi cha maikrofoni.

Hesabu ya pili ni ya wingi. Kila unapoongeza maradufu idadi ya maikrofoni zilizo wazi, unapoteza desibeli 3 za uwezo wa kupaza sauti kabla ya mluzi kuanza. Meza kuu yenye maikrofoni sita zilizo wazi kwa pamoja imelipia sita ili isikike vibaya kuliko meza yenye mbili. Sisi hukodi nne: moja ya mghani, moja ya mwenyekiti, moja isiyo na waya ya kuzungushwa kwa wasikilizaji, na moja ya akiba. Na betri za ile isiyo na waya tunanunua wenyewe, mpya, kila asubuhi, kwa kuwa nimeona mijadala mizuri ikizimika kwa ajili ya betri kuukuu.

Hesabu ya tatu ni ya umeme. Chukua spika mbili za wati 500 kila moja, projekta ya wati 350, meza ya kuchanganyia sauti ya wati 50, na kompyuta mpakato mbili za wati 65 kila moja. Jumla ni wati 1,530. Ongeza robo kwa tahadhari, utapata kama wati 1,900. Jenereta huandikwa kwa kVA, na kwa kawaida hugawanya wati kwa 0.8, hivyo unahitaji kama kVA 2.4, na jenereta ndogo ya kVA 3 inatosha. Kwa nini basi ankara zinataja jenereta za kVA 20 na 30? Kwa sababu zimejumuisha viyoyozi, ambavyo vinne tu vinaweza kula umeme mara nne au tano ya vyombo vyote vya sauti na picha. Ukijua hivyo unaweza kuchagua: kukodi jenereta ndogo ya kulinda sauti na kufungua madirisha umeme ukikatika, au kulipia ubaridi na kuuita ubaridi, usiufiche katika mstari wa vyombo.

Hesabu ya nne ni ya picha. Projekta yenye lumeni 3,000 ikimulika skrini ya mita 2 kwa mita 1.5, yaani mita 3 za mraba, hutoa mwangaza wa kama luksi 1,000 juu ya kitambaa. Ukumbi wenye madirisha wazi mchana hushindana nayo vibaya, na mwenye duka atakushauri ukodi projekta yenye nguvu maradufu. Mara nyingi pazia zito la dirisha moja, lile linaloelekea skrini, linafanya kazi ileile kwa sehemu ndogo ya bei. Aidha, tulijiuliza ni nani anayeihitaji picha. Mtafiti mwenye ramani na hati za kale anaihitaji. Mghani haihitaji kabisa. Tukaziweka mada zote zenye picha katika asubuhi moja, tukakodi projekta kwa siku moja badala ya mbili, na mashairi tukayachapa katika kijitabu ambacho wageni waliondoka nacho.

Yapo pia mambo yasiyo ya hesabu bali ya kuuliza, na kuuliza si ujinga. Kumbi nyingi za hoteli humtaka mkodi atumie vyombo vyao, au hutoza ada kwa anayeingiza vyombo vya nje. Hilo ni la kuuliza kabla ya kutia saini, si baada ya kutoa arubuni. Bei ya siku kwa kila mjumbe mara nyingi huwa imekwisha jumuisha projekta, skrini na maikrofoni moja au mbili, na mwandaaji asiyesoma orodha huvilipia mara ya pili kwa muuzaji mwingine. Uliza kama siku ya kufunga vyombo inahesabiwa kuwa siku ya kukodi. Uliza saa za ziada za fundi zinaanza saa ngapi, maana washairi hawana saa. Uliza nani analipa chombo kikianguka. Na kama vyombo vinatoka Dar es Salaam, uliza nani analipa mzigo wa boti kwenda na kurudi. Katika wiki ambazo mji una tamasha kubwa, kama Sauti za Busara ambalo tangu 2004 limekuwa likifanyika mwezi wa Februari, usitarajie kupata fundi mzuri kwa bei ya kawaida, wala si haki kumlaumu.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo ningependa liandikwe kwa wino mzito: usipunguze malipo ya fundi. Katika ankara nyingi yeye ndiye mstari mdogo kuliko yote, na ndiye wa kwanza kukatwa. Spika mbili zenye fundi anayesikiliza zinashinda spika nane zisizo na mtu. Yule kijana wa Jang'ombe alikuja ukumbini siku moja kabla, akapiga kofi moja katikati ya chumba na kusikiliza linavyorudi kutoka katika kuta za mawe na chokaa. Kisha akaomba mabusati mawili na mapazia ya kanga kwa ukuta wa nyuma. Akazipunguza sauti za chini, akazipandisha kidogo zile za konsonanti, akainua spika juu ya vichwa vya watu. Vitu vyote hivyo havikuwamo katika ankara yoyote.

Tulipopiga kura, skrini kubwa zilishindwa kwa kura mbili. Mfadhili alipunguza mchango wake, na pengo hilo lilituuma. Tulikula wali wa nazi kwa maharage siku zote mbili, na fulana hazikuwapo. Lakini nauli za boti zililipwa zote.

Miongoni mwa waliokuja kwa nauli hizo alikuwamo mzee mmoja mvuvi kutoka kaskazini mwa Pemba. Alikuwa amehifadhi tenzi kwa moyo kutoka kwa nyanya yake, na alichokiandika alikiandika kwa hati za Kiarabu katika daftari la shule. Hakupenda kusimama jukwaani. Alisema tenzi hughaniwa mtu ameketi, na akaketi. Fundi akakishusha kigingi, akaisogeza maikrofoni mpaka upana wa kiganja kutoka kinywani mwake, akarudi mezani kwake bila ya kusema neno. Mzee akaghani kwa sauti ndogo, ya mtu anayezungumza na wajukuu, kwa muda wa dakika ishirini na zaidi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nyuma kabisa, na nilikisikia kila kina.

Sauti ile ilinaswa moja kwa moja kutoka katika meza ya kuchanganyia. Hapa pana hesabu nyingine ndogo ambayo waandaaji wengi huisahau. Saa moja ya sauti safi ya mkondo mmoja, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, ni kama megabaiti 520. Kongamano zima la siku mbili, tuseme saa kumi na sita, halifiki gigabaiti 9. Linaingia katika kadi moja ya gigabaiti 16 ambayo bei yake ni chini ya chakula cha mchana cha wageni wawili. Ndugu zetu walioko Maskati, London na Toronto hutuomba kila mara tuwarushie mkutano mtandaoni, na hilo nalo lina njia ya gharama nafuu. Picha ya video ya megabiti 3 kwa sekunde hula gigabaiti 1.35 kwa saa na hukwama mtandao ukizidiwa. Sauti peke yake kwa kilobiti 128 hula megabaiti 58 tu, na kwa ushairi hakikosekani kitu kikubwa. Radio imetulea kwa njia hiyo miaka mingi.

Yule mzee alifariki dunia miaka miwili baada ya kongamano. Mwanawe alikuja Unguja kututafuta, kwa kuwa alisikia tuna sauti ya babake. Tukampa nakala moja, moja tukaiweka kwa katibu, na ya tatu tukaikabidhi maktaba. Aliisikiliza kwa vipaza sauti vya masikioni ofisini kwetu, akiwa amefumba macho, na alipofika mahali fulani akaomba karatasi. Zilikuwamo beti ambazo hazikuwa katika daftari la shule. Akaziandika zote, akirudia rudia pale neno lilipomchanganya, mpaka akalipata. Kwa kuwa konsonanti zilikuwamo.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay ili sauti yake itiwe katika sahani za santuri, kwa kuwa wakati ule mwimbaji ndiye aliyevifuata vyombo. Leo vyombo vinatufuata sisi. Vinakuja kwa boti, kwa gari la mkokoteni, hata mfukoni mwa shati. Urahisi huo ni neema, lakini una hila yake: umetufanya tuone kwamba swali ni vyombo vingapi tunaweza kuvipata. Swali la zamani lilikuwa zuri zaidi, nalo ni sauti ya nani inastahili gharama ya kuinasa.

Ndugu msomaji, bajeti ya kongamano ni maandishi kama maandishi mengine, na msomaji makini huweza kuyafasiri. Mahali ambapo skrini imepewa zaidi ya mghani, bajeti inasema kwamba tulikuja kutazamana. Mahali ambapo fundi amekatwa ili maua yawepo, inasema kwamba meza kuu ni kubwa kuliko neno. Sitamlaumu mwandaaji yeyote, kwani najua shinikizo la wafadhili na uchache wa siku. Namwomba tu, atakapokaa na wenzake kupanga, auchukue ule mstari wa mwisho wenye tarakimu nene, auvunje vipande vipande, kisha aupandishe juu, uwe wa kwanza baada ya nauli za wageni. Haba na haba hujaza kibaba: kigingi kifupi, betri mpya, busati la kuazima, fundi aliyelipwa vizuri na kadi ndogo ya kunasia. Vikitimia hivyo, aliyeketi nyuma kabisa, karibu na mlango, ambaye jina lake halimo katika ratiba, atapata haki sawa na aliyeketi meza kuu. Na yule aliyeketi nyuma ndiye, mara nyingi, atakayeliondoa shairi ukumbini na kulipeleka nyumbani.